Wakati ujao wa vitenzi vya kawaida vya Kihispania: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu ambaye tayari anaujua wakati uliopo (hablo, comes, vive) na sasa anataka kusema mambo ya kesho. Mifano mingi inahusu kazi ya kuongoza watalii, maana kazi hiyo ndiyo inayowasukuma vijana wengi wa Arusha na Unguja waanze Kihispania.

Wakati ujao unaundwaje?

Chukua kitenzi kizima kama kilivyo kwenye kamusi, usikate chochote, kisha bandika kiishio. Viishio ni sita: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án.

hablar (kuongea)
yo hablaré: nitaongea
tú hablarás: utaongea
él, ella, usted hablará: ataongea
nosotros hablaremos: tutaongea
vosotros hablaréis: mtaongea
ellos, ellas, ustedes hablarán: wataongea

Angalizo moja kuhusu usted na ustedes. Unawatumia watu unaozungumza nao ana kwa ana kwa heshima, lakini kisarufi wanakwenda na "yeye" na "wao". Kwa hiyo ukimuuliza mgeni wako mzee ¿Usted hablará?, unamuuliza yeye mwenyewe kama ataongea, humsemi mtu mwingine.

Vitenzi vya -er na -ir vina viishio vyake?

Havina. Ni vilevile sita. Comer (kula): comeré, comerás, comerá, comeremos, comeréis, comerán. Vivir (kuishi): viviré, vivirás, vivirá, viviremos, viviréis, vivirán. Ukiachia umbo la masharti (hablaría, comería), hakuna pengine ambapo makundi matatu ya vitenzi vya Kihispania yanakubaliana kiasi hiki.

Sisi kazi hii huifanya mbele ya kitenzi: ni-ta-ongea, tu-ta-ongea. Wao huifanya nyuma, na kiishio kimoja hubeba nafsi na wakati kwa pamoja. Ndiyo maana yo na nosotros huachwa mara nyingi. Hablaremos inajitosheleza, kama "tutaongea" isivyohitaji "sisi".

Kwa nini nisikate -ar kama ninavyofanya kwenye wakati uliopo?

Ukikata unaangukia wakati mwingine kabisa. Hablaré ni "nitaongea". Kata -ar, bandika -é, unapata hablé, yaani "niliongea". Mañana hablé con el chófer ni "kesho niliongea na dereva", na mgeni atabaki anajiuliza kama dereva ameshaambiwa au bado.

Kuna ubaya gani nikitamka hablará kwa matamshi ya Kiswahili?

Ubaya upo, na kwa maoni yangu hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Viishio vinakaririka upesi. Mkazo ndio unaowasumbua Waswahili kwa miezi.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu katika kila neno: ki-TA-bu, sa-FA-ri, ni-ta-o-NGE-a. Mdomo uliokua hivyo ukiona hablará unasema ha-BLA-ra bila kufikiri. Tatizo ni kwamba anayekusikiliza hasikii lafudhi ya kigeni tu, anasikia neno lingine. Hablara, yenye mkazo katikati, ni umbo halali la kitenzi hichohicho, na hutumika kwa mambo ya kudhania: si hablara español, "kama angeongea Kihispania". Tazama:

hablará (ha-bla-RA): ataongea
hablara (ha-BLA-ra): kama angeongea

cantarás (can-ta-RAS): utaimba
cantaras (can-TA-ras): kama ungeimba

llegarán (lle-ga-RAN): watafika
llegaran (lle-GA-ran): kama wangefika

Ndivyo ilivyo kwa vitenzi vyote vya kawaida vya -ar, na hivyo ndivyo vingi kuliko vyote. Hata nafsi ya kwanza haijasalimika: hablare bila mkazo wa mwisho ni umbo la kale ambalo leo utalikuta hasa kwenye maandishi ya sheria. Kwa -er na -ir hatari ni ndogo zaidi, kwa kuwa comerá na comiera ziko mbalimbali, ila ukisema co-ME-ra msikilizaji bado atasita.

Anayedhani sikio lake haliwezi kutofautisha ajaribu neno barabara. Ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Uwezo unao, umekosa mazoezi tu.

Fanya hivi: sema orodha nzima kwa sauti huku ukigonga meza kwenye silabi yenye mkazo. HablaRÉ, hablaRÁS, hablaRÁ, gonga mwisho kabisa. Ukifika hablaREmos, mkono unatangulia kushuka kabla neno halijaisha, na mdomo unapumzika kwa sababu mkazo umerudi pale unapokaa kwetu. Halafu hablaRÉIS, hablaRÁN, mwisho tena. Hiyo -réis ni silabi moja. Sisi tumezoea kuipa kila irabu silabi yake, hivyo wengi husema re-is. Isukume kwa pumzi moja.

Kwa nini hablaremos peke yake haina alama ya mkazo?

Kanuni ya Kihispania ni hii: neno linaloishia na irabu, n au s hupata mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Neno likiivunja kanuni hiyo, linaandikwa alama. Viishio vitano vinaivunja. Ha-bla-RE-mos inaifuata, kwa hiyo haihitaji kitu.

Kauli mbili za kisiasa zinaonyesha pande zote. "¡No pasarán!", hawatapita, ilipata umaarufu kinywani mwa Dolores Ibárruri, mwanasiasa wa Kikomunisti, mjini Madrid mwaka 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipoanza: ina alama. "¡Venceremos!", tutashinda, ambayo Fidel Castro alizoea kumalizia hotuba zake, na ambayo mwaka 1964 ilisikika hadi Unguja kwa vijana wa Umma Party, chama cha siasa cha Zanzibar, waliokuwa wamepata mafunzo Cuba: haina. Pasar na vencer vyote ni vitenzi vya kawaida.

Nikiwa nachati kwenye simu ni lazima niweke alama hizo?

Wenyewe wengi huziacha wakiandikiana na marafiki. Wewe ziweke, walau mpaka mkazo ukae mdomoni, kwa sababu alama ndiyo inayokukumbusha pa kugonga. Kwenye simu bonyeza herufi uishikilie kidogo, é na á zitajitokeza. Kwenye kompyuta ya Windows yenye namba upande wa kulia, shikilia Alt uandike 0233 kupata é, 0225 kupata á. Herufi kubwa nazo zinawekewa alama: HABLARÁ.

Nijifunze vosotros au niiache?

Inategemea wageni wako. Hispania, vosotros ndiyo "ninyi" ya kila siku, na hablaréis utaisikia mfululizo. Amerika ya Kihispania hawaitumii. Kwao "ninyi" ni ustedes kwa rafiki na kwa mkubwa vilevile. Guinea ya Ikweta, nchi pekee ya kusini mwa Sahara ambayo Kihispania ni lugha rasmi, husikika zote mbili. Ushauri wangu kwa mwongoza watalii: izoee vosotros kwa masikio, lakini mdomoni tumia ustedes. Ustedes hablarán haimkwazi mtu yeyote kutoka Madrid hadi Lima.

Waargentina wanasema vos badala ya tú. Kwenye wakati ujao hilo halibadili kitu: vos hablarás.

Ser, ir na estar vinanichanganya sana. Na hapa vinabadilika?

Havibadiliki, na hii ni zawadi. Vitenzi vilivyokutesa kwenye wakati uliopo hapa vinatii kama vingine: seré, serás, será, iré, irás, irá, estaré, estarás, estará. Dar ni daré, ver ni veré.

Vilevile vitenzi vinavyogeuza irabu katikati. Pienso, "nafikiri", inarudi kuwa pensaré. Duermo ni dormiré, pido ni pediré, juego ni jugaré. Usiandike "piensaré" wala "duermiré". Castro alipojitetea mahakamani mwaka 1953 alisema "La historia me absolverá", historia itaniondolea hatia. Kitenzi ni absolver. Wakati uliopo ni absuelve, lakini wakati ujao irabu imetulia palepale kwenye o.

Basi visivyofuata kanuni ni vipi?

Ni vichache, kama dazeni moja na watoto wao. Viishio ni vilevile. Kinachobadilika ni shina.

Vinavyomeza irabu: poder podré, saber sabré, haber habré, caber cabré, querer querré.
Vinavyoingiza d: tener tendré, poner pondré, venir vendré, salir saldré, valer valdré.
Vilivyofupishwa kabisa: hacer haré, decir diré.

Watoto hufuata mzazi: mantener ni mantendré, suponer ni supondré. Mkaidi ni bendecir (kubariki), ambaye ingawa ametoka kwa decir anasema bendeciré, kikawaida kabisa. Querré nayo itamke kwa rr nzito.

Oír (kusikia) na reír (kucheka) zinaachia alama ya í zinapopata kiishio: oiré, reiré.

Viishio hivi vimetoka wapi?

Vimetoka kwenye kitenzi haber. Katika Kilatini cha mitaani watu walikuwa wakisema "kuimba ninako", cantare habeo, kwa maana kwamba jambo la kuimba liko mbele yangu. Likawa cantar he, halafu cantaré. Panga wakati uliopo wa haber kando ya viishio uone: he, has, ha, hemos, habéis, han.

Kihispania cha kale kiliweza hata kuvitenganisha na kumwingiza mtendwa katikati: dezir vos he, "nitawaambia". Kireno rasmi bado kinafanya hivyo: falar-lhe-ei. Kwa Mswahili jambo hilo si geni, tunalifanya kila siku tukisema nita-ku-ambia.

Kukanusha je? Na "nitakupigia" inasemwaje?

Kukanusha ni rahisi kuliko kwetu, ambako "nitaongea" hugeuka "sitaongea" na "ataongea" hugeuka "hataongea". Kihispania huweka no mbele, basi: no hablaré, no hablará.

Mtendwa husimama peke yake mbele ya kitenzi: te llamaré (nitakupigia), los esperaremos (tutawasubiri), no la venderán (hawataiuza, kama ni nyumba). Usimbandike nyuma. "Llamaréte" utaikuta kwenye maandishi ya zamani, leo mtu atakutazama mara mbili.

Mbona wenyewe wanasema voy a hablar badala ya hablaré?

Kwa sababu ni nyepesi, na katika mazungumzo ndiyo inayotawala, hasa Amerika. Voy a, vas a, va a, vamos a, vais a, van a, kisha kitenzi kizima. Vamos a comer ni "tunakwenda kula", na inaelekea kwenye jambo lililokwisha kupangwa au lililo karibu. Comeremos ina uzito zaidi: ahadi, utabiri, tangazo, ratiba iliyoandikwa. Ratiba ya siku mbili tatu kwa safari moja imejaa -emos na -án mwanzo hadi mwisho.

Wapo walimu wanaosema uanze na voy a, -ré isubiri. Sawa kwa kuongea. Lakini mgeni akikuandikia llegaremos el martes nawe hujui -emos, hutaenda kumpokea.

Hata wakati uliopo hutosha pale siku ikitajwa: Mañana viajo a Madrid.

"Akifika nitakupigia" ni cuando llegará?

Hapana, na hili Kiswahili chenyewe ndicho kinachotuponza. Sisi tunasema "atakapofika", -ta- ikiwemo, kwa hiyo mkono unakimbilia llegará. Kihispania baada ya cuando ya mambo ya mbele hutaka umbo lingine, wenyewe wanaliita subjuntivo, linalofanana kidogo na "afike" yetu:

Cuando llegue, te llamaré. Atakapofika nitakupigia.

Wakati ujao unakaa upande wa pili tu. Ila katika swali, ¿Cuándo llegará?, "atafika lini?", ni sahihi kabisa, angalia alama juu ya á ya cuándo.

Kwa si, "kama, iwapo", mambo ni mengine. Hapa "mvua ikinyesha" inakusaidia, kwani haina -ta-, na Kihispania nacho hakitaki wakati ujao: Si llueve, no subiremos. Anayefikiria kwa "kama mvua itanyesha" ndiye anayeandika "si lloverá".

Nimesikia estará durmiendo kwa mtu ambaye amelala sasa hivi. Ni kosa?

Si kosa, na huhitaji hata kufundishwa. Mtu akikuuliza Juma yuko wapi, unajibu "atakuwa amelala". Humaanishi kesho. Unakisia ya sasa hivi. Kihispania hufanya vivyo hivyo: Estará durmiendo. ¿Qué hora será?, hivi itakuwa saa ngapi? Serán las tres, itakuwa saa tisa. Watu wengi wa lugha nyingine hulihangaikia jambo hili; wewe lipokee kama lako.

Na No matarás?

Hiyo ni amri, "usiue". Nyingi kati ya Amri Kumi kwa Kihispania zimeandikwa kwa wakati ujao: no matarás, no robarás. Nje ya Biblia na sheria ina sauti ya mzazi aliyekasirika.

Naomba mfano wa maelezo ya jioni kwa wageni kabla ya safari.

Huu ni wa Ngorongoro, na kila kitenzi chenye wakati ujao ndani yake ni cha kawaida:

Mañana nos levantaremos a las cinco y desayunaremos a las cinco y media. El chófer llevará el agua y la comida. A las seis bajaremos al cráter. Ustedes no caminarán solos, se quedarán en el coche. Comeremos cerca del agua y por la tarde volveremos al hotel.

Kesho tutaamka saa kumi na moja alfajiri na tutapata kifungua kinywa saa kumi na moja na nusu. Dereva atabeba maji na chakula. Saa kumi na mbili tutashuka kreta. Hamtatembea peke yenu, mtabaki ndani ya gari. Tutakula karibu na maji, na alasiri tutarudi hotelini.

Chunga saa. Ukiwa umechoka, ulimi unatafsiri "saa kumi na mbili" kuwa a las doce, na wageni wanajipanga kuondoka saa sita mchana. Chunga pia simba. Veremos leones ni ahadi kavu, na simba hakusaini. Anza na con suerte, "tukibahatika": Con suerte veremos leones. Mgeni akikuuliza juu ya chui, jibu la ya veremos lina ule ule ujanja wa "tutaona" yetu: halikubali, halikatai.

Nijipimeje?

Jaza umbo sahihi:

1. Mañana (nosotros, visitar) Stone Town.
2. ¿A qué hora (llegar) el barco?
3. Yo (esperar) en la puerta.
4. Cuando ustedes (llegar), yo (abrir) la puerta.
5. Los niños (dormir) aquí.
6. Si (llover), no (nosotros, nadar).
7. No tengo reloj, pero (ser) las ocho.

Majibu: 1 visitaremos, 2 llegará, 3 esperaré, 4 lleguen, abriré, 5 dormirán, 6 llueve, nadaremos, 7 serán. Kwenye namba 2, soma jibu lako kwa sauti mbele ya mtu: akisikia lle-GA-ra, rudi mezani ugonge upya.